Daftari Lisilofutika la Mtaa wa Uhuru

Flopi ya inchi tano na robo, ile nyembamba iliyokuwa ikipinda ukiishika vibaya, ilikuwa na nyuso mbili, kila uso njia 40, na kila njia vipande tisa tulivyoviita sekta. Ukizidisha unapata sekta 720. Kila sekta ilibeba baiti 512, jumla kilobaiti 360. Picha moja ya simu ya leo haiingii humo. Mwaka 1993, watu watatu tulipewa eneo hilo tuweke madeni ya duka zima la jumla la kanga na vitenge lililokuwa Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, Dar es Salaam, tena kwa sharti moja: umeme ukikatika saa yoyote ile, deni lisipotee.

Sharti hilo halikuwa la mchezo. Mwaka 1992 nchi ilikuwa imepita katika mgao wa umeme kwa sababu mabwawa, Mtera likiwemo, yalipungukiwa maji, na mwaka 1994 mgao ukarudi. Kati ya mgao na mgao, umeme wa Kariakoo ulikuwa na tabia zake mwenyewe. Unakatika sekunde mbili, unarudi, unakatika tena kama vile aliyeuzima amesahau kitu. Taa haidhuriki na mchezo huo, wala feni. Kompyuta inayoandika kwenye diski wakati huohuo ni habari nyingine.

Niwatambulishe wenzangu bila majina. Mmoja tulimwita Mzee wa Tepu. Alikuwa amefanya kazi na mashine kubwa za Serikali tangu zama za kadi za kutoboa. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta, na kwa miaka mingi baada ya hapo hukuweza kuleta hata moja bila kibali. Watu wa kizazi chake waliishi miaka hiyo yote wakizilea mashine chache zilizokuwepo, vipuri hakuna, fedha za kigeni hakuna, na wakajifunza kutokuomba kitu wasichokihitaji. Mwingine alikuwa rika langu, amerudi kutoka masomoni Ulaya Mashariki na sanduku la vitabu, kichwa chepesi sana, maneno mengi. Huyo nitamwita mwenzangu. Mimi nilikuwa nimemaliza hesabu chuo kikuu, Mlimani, na nilijua Pascal na kidogo cha lugha ya mashine. Tulikodi chumba cha mbele katika nyumba ya Kiswahili Mtaa wa Narung'ombe, wakati huo nyumba za chini bado ni nyingi pale kabla maghorofa hayajazimeza.

Duka lenyewe lilikuwa la familia ya Kihindu iliyouza kanga mtaa huo kwa vizazi. Biashara ilienda kwa mali kauli: mteja anakuja kutoka Songea, Mtwara, Lusaka au Lubumbashi, anachukua korija kadhaa, analipa sehemu, na iliyobaki ni neno lake. Mali kauli hukaa kwenye daftari, na madaftari ya duka lile yalikuwa marefu, yenye jalada la kitambaa chekundu, yameandikwa Kigujarati na kufunguliwa upya kila Diwali. Tatizo ni kwamba aliyeweza kuyasoma kwa haraka alikuwa Mzee mwenye duka peke yake. Mwanawe alikuwa amesoma Kiingereza. Karani mkuu, mtu wa Kilwa aliyetuzidi sisi wote kwa umri na kwa miaka ya kukaa dukani, alikuwa na daftari lake la Kiswahili pembeni, na madaftari hayo mawili hayakuwa yakipatana kila mara. Hapo ndipo tulipoitwa.

Mashine iliyopatikana ilikuwa mtumba wa Dubai: prosesa ya 8088, kumbukumbu ya kilobaiti 640, vitundu viwili vya flopi, diski ngumu hakuna. Ilikuja na DOS. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeandika programu ya kawaida, mafaili ya kawaida, akalipwa, akaenda zake. Mwenzangu alifanya hivyo kwa majaribio chumbani kwetu, na kila jioni tulikuwa tukichomoa waya wa umeme ukutani kwa makusudi ili kuona nini kitabaki.

Inafaa nieleze kilichokuwa kikitokea, maana hapo ndipo kiini cha hadithi kilipo. DOS ilitumia mfumo wa faili uitwao FAT. Marc McDonald wa Microsoft aliubuni mwaka 1977 kwa ajili ya lugha ya BASIC, na Tim Paterson akauchukua na kuubadili mwaka 1980 alipoandika mfumo uliozaa DOS. Ni kazi ya watu waliopenda mambo mepesi. Mwanzoni mwa diski kuna jedwali. Kila kipande cha diski kina mstari wake humo, na mstari huo unasema kitu kimoja tu: kipande kinachofuata ni kipi. Ni kama kumtafuta mtu mtaani kwa kuuliza nyumba hadi nyumba, na kila mwenye nyumba anamjua jirani wa upande mmoja peke yake. Kando ya jedwali kuna orodha ya majina, na kwenye orodha ndipo ukubwa wa faili unapoandikwa. Kwenye flopi yetu sekta ya kwanza ilikuwa ya kuwashia, nne za nakala mbili za jedwali, saba za orodha. Kumi na mbili kwa jumla, na 708 zinazobaki ni zako.

Urahisi huo ulitosha kabisa kwa barua na kwa programu za michezo. Lakini tazama linalotokea karani anapoongeza mstari mmoja wa deni. Data inakwenda sehemu moja ya diski. Jedwali linabadilishwa sehemu nyingine, mara mbili. Ukubwa mpya unaandikwa kwenye orodha mwishoni, faili linapofungwa. Umeme ukikatika katikati ya safari hizo, data ipo lakini orodha haijui kuwa ipo. Ukiwasha, DOS inakuonyesha faili la jana. Unaendesha CHKDSK, inakuokotea vipande vilivyopotea na kuvipa jina FILE0000.CHK, halafu ni juu yako kujua kipande hicho kilikuwa deni la nani. Nakala ya pili ya jedwali ilikuwa palepale jirani na ya kwanza, imeandikwa sekunde ileile.

Mzee wa Tepu aliyatazama majaribio hayo kwa jioni kadhaa akinywa kahawa, kisha akauliza, "Kwa nini faili likue?"

Tukamwambia kila faili hukua.

"Tepu haikui. Tepu ina urefu wake tangu kiwandani. Wewe unaandika mbele, basi."

Kwenye mashine zake za zamani hakukuwa na kufuta. Ulikuwa na tepu ya jana, unaisoma pamoja na kadi za leo, unaandika tepu mpya. Ya jana unaiweka kabatini, na ya juzi pia. Waliziita babu, baba na mwana. Kazi ikiharibika unarudi kwa baba. Alichotaka kwetu ni kilekile: diski iwe ukanda mmoja, kila muamala uandikwe baada ya uliotangulia, usirudi nyuma kamwe. Hakuna majina ya mafaili, hakuna folda, hakuna jedwali. Alitaka hata DOS yenyewe tuiruke, tuzungumze na diski moja kwa moja, sekta kwa sekta.

Mwenzangu alilipuka. Alitaka mafaili mengi: la wateja, la bidhaa, la miamala, na faharasa ya kila moja ili utafutaji uwe wa kufumba na kufumbua. Alitaka nywila kwa kila mtumiaji. Alitaka, na hapa alikuwa na hoja nzito, diski iweze kusomwa na kompyuta nyingine yoyote mjini. "Mzee, leo mashine hii ikifa," alisema, "tutampelekea nani flopi isiyo na orodha? Ataitia kwenye kompyuta yake, DOS itamwambia haisomeki, ataifomati. Madeni yote kwaheri." Mzee wa Tepu hakuwa na jibu la hilo, na kwa siku kadhaa hawakuzungumza ila kupitia kwangu.

Ufumbuzi ulitoka kwa mwenzangu mwenyewe, na nasema hivyo wazi kwa sababu kwa miaka mingi watu walimpa sifa mzee. Alikuja asubuhi moja akasema: kama kinachoua ni faili kukua, basi tulikuze lote kabla halijaanza kazi. Chukua diski mpya, ifomati, tengeneza humo faili moja tu lenye kujaza sekta zote 708, baiti 362,496, limejaa alama ileile moja mwanzo hadi mwisho. Liite DAFTARI.001. Kuanzia hapo jedwali halibadiliki tena, ukubwa kwenye orodha haubadiliki tena. DOS ya mtu yeyote inaliona ni faili la kawaida na inaweza kulinakili. Sisi tunaandika ndani yake tu, mahali palepale ambapo tayari pametengwa. Mzee akapata tepu yake, mwenzangu akapata diski inayosomeka kokote. Nimekutana na wahandisi wengi tangu siku hiyo na bado sijaona mapatano yaliyonipendeza zaidi.

Baada ya hapo ugomvi ulihamia ndani ya faili. Kila sekta tuliigawa rekodi nane za baiti 64. Ukizidisha kwa 708 unapata rekodi 5,664 kwa diski. Katika baiti 64 tuliweka namba ya mfululizo, tarehe, namba ya mteja, aina ya muamala, namba ya bidhaa, idadi, kiasi cha fedha, salio la mteja baada ya muamala, namba ya uhakiki ya kujua kama rekodi ni nzima, na herufi zilizobaki kwa maelezo. Kila kilichotaka kuingia kilipaswa kukitoa kingine. Mwenzangu alipigania baiti mbili za ziada ili kila rekodi itaje rekodi iliyopita ya mteja huyohuyo. Alizipata, na maelezo yakashuka kutoka herufi 39 hadi 37. Kwa bei hiyo ungeweza kushika rekodi ya mwisho ya mteja wa Mtwara na kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi alipoanza, bila faharasa yoyote.

Majina nayo yalileta vuta nikuvute. Mzee wa Tepu alitaka wateja wawe namba tu, na orodha ya majina ichapwe kwenye kadibodi itundikwe ukutani. Karani aliposikia alicheka sana. Akasema mteja akiingia na akaitwa kwa namba, hatarudi tena. Tukaongeza aina moja ya muamala: kumfungua mteja. Jina lake lilikaa kwenye zile herufi 37. Hakukuwa na faili la majina wala muundo mpya. Ni rekodi kama nyingine, ila ya aina tofauti. Njia hiyo ilitusaidia mara nyingi baadaye. Kila mtu alipoleta ombi jipya, swali la kwanza lilikuwa kama linaweza kuwa aina nyingine ya rekodi. Likiwezekana, tulilikubali. Likihitaji kitu kipya kwenye diski, tulilikataa.

Umeme je? Tulitumia vitundu vyote viwili, A na B, diski mbili pacha. Rekodi inaandikwa kwanza A. Ikimalizika, ndipo inaandikwa B. Kwa kuwa B haianzi mpaka A imekwisha, umeme hauwezi kuzikuta zote mbili nusu njia. Mashine ikiwashwa inasoma sekta ya mwisho ya kila upande, inapima namba za uhakiki, na upande mbovu unanakiliwa kutoka upande mzima. Kupata sekta ya mwisho hatukuandika popote kwamba mwisho uko wapi, maana alama hiyo ingekuwa kitu kingine cha kuharibika. Tulitafuta kwa kugawa nusu: soma katikati, kama pameandikwa nenda mbele, kama ni tupu rudi nyuma. Sekta 708 zinakwisha kwa kusoma mara kumi tu.

Na baada ya B kumaliza, mashine ililia "pii". Karani alikuwa na kitabu cha risiti chenye kaboni, na sheria aliyojiwekea mwenyewe ni kwamba hachani risiti mpaka asikie mlio. Umeme ukikatika kabla ya mlio, muamala haujatokea. Anauandika upya kutoka kwenye kaboni. Nimesoma baadaye vitabu vizima vinavyoeleza lini muamala uhesabiwe umekamilika. Karani wa Kilwa alilielewa hilo siku ya kwanza kwa sikio lake, na wateja wakajifunza kuusubiri mlio pamoja naye.

Utafutaji ulibaki. Mwenzangu alitaka faharasa ikae kwenye diski. Mzee wa Tepu akasema faharasa kwenye diski ni daftari la pili, na duka hili limetuita hasa kwa sababu lina madaftari mawili yasiyopatana. Tukaamua kila asubuhi mashine isome diski yote tangu mwanzo na kuijenga faharasa kwenye kumbukumbu. Kilobaiti 640 zilitosha. Ilichukua muda wa karani kufungua milango ya duka na kutandika vitambaa vya kuonyesha nje. Umeme ukikatika faharasa inapotea, na hakuna anayejali, kwa sababu inajengwa tena kutoka kwenye rekodi zenyewe.

Ombi lililokuwa gumu kuliko yote lilitoka kwa mtoto wa mwenye duka. Alitaka kitufe cha kufuta. Si jambo la ajabu. Binadamu hukosea, karani huandika korija kumi badala ya moja. Tukamwonyesha aina ya nne ya muamala, sahihisho: kosa linabaki, na chini yake unaandika kinyume chake. Akasema hiyo inachafua daftari, mteja akichapiwa karatasi ataona makosa yetu. Mzee wa Tepu akamjibu kwamba mteja akiona kosa na sahihisho lake atatuamini zaidi. Hawakukubaliana. Mzee mwenye duka, aliyekuwa kimya nyuma ya kaunta muda wote huo, akauliza:

"Na mimi mwenyewe nikitaka kufuta?"

"Hutaweza, Mzee."

Akafikiri. "Basi na mwanangu hataweza. Fungeni."

Sijui kama alilipenda wazo letu au alikuwa na sababu zake za kifamilia. Wahasibu wa zamani, wa kila kabila, wana tabia hiyohiyo: wino haufutwi, unapigwa mstari. Tulichofanya sisi ni kuondoa kalamu ya kupigia mstari, ukabaki mstari unaofuata.

Mfumo ulifanya kazi. Uliuvuka mgao wa 1994 bila deni kupotea, na kila jioni karani aliitia diski ya B kwenye bahasha ya kaki akaenda nayo kwake Buguruni. Jambo hilo hatukulipanga sisi. Alilianzisha mwenyewe kwa kuwa hakuwaamini panya wa stoo. Moto ulipoteketeza soko kuu la Kariakoo usiku wa Julai 10, 2021, lile jengo lililosanifiwa na Beda Amuli, ambalo Mwalimu Nyerere alilifungua mwaka 1975, na watu wakasimama barabarani wakitazama mali yao ikiungua, niliikumbuka bahasha ile ya kaki.

Diski ilipojaa, tulifungua mpya, na rekodi zake za kwanza zilikuwa salio la kila mteja kutoka ya zamani. Ni vilevile daftari jekundu lilivyofunguliwa kila Diwali. Hapo ndipo urahisi wetu ulipoanza kudai malipo. Mteja wa Songea akija kubishia deni la kabla ya Ramadhani, rekodi hazimo kwenye diski ya leo. Vitundu ni viwili na vyote vina kazi. Karani anamwambia mteja asubiri hadi duka lifungwe, au alale mjini arudi kesho. Jioni, wenzake wakikimbilia daladala, yeye anatoa diski za zamani kabatini, anazitia moja baada ya nyingine, anasubiri kila moja isomwe yote, anaandika kwenye karatasi. Faharasa moja iliyovuka diski zote ingemmalizia kazi hiyo kabla hajavua miwani. Mwenzangu aliliona hilo akalisema tena na tena. Mzee wa Tepu alijibu kwamba utafutaji wa namna hiyo ni wa mara chache na deni lililopotea ni la milele. Wote wawili walisema kweli.

Mwaka 1998 ilipoingia kodi ya ongezeko la thamani, VAT, kuanzia Julai 1, duka likahitaji hesabu ambazo rekodi ya baiti 64 haikuwa na mahali pa kuziweka. Wakanunua programu ya uhasibu iliyotengenezwa tayari, mashine mpya yenye diski ngumu, na betri ya kuikingia umeme. Hatukununa. Kitu kilichotengenezwa kwa kazi moja kikiona kazi imebadilika, kina haki ya kustaafu. Tulizinakili diski zote kwenye mashine mpya, na kwa sababu zilikuwa na lile faili la kawaida la mwenzangu, kazi ilikuwa ya kuandika COPY na kubadili diski.

Miaka ilipopita nilianza kuona tulichokifanya kikitokea kwa watu wengine. Mwaka 1991, kabla hata hatujapanga chumba chetu Narung'ombe, Mendel Rosenblum na John Ousterhout wa Berkeley walikuwa wamechapisha makala juu ya mfumo wa faili ambao diski nzima ni ukanda wa kuandika mbele. Hatukuijua, makala za aina hiyo hazikufika kwetu. Wao walikuwa wakitafuta kasi, sisi tulikuwa tukikimbia mgao. Mwaka 1999 Axis Communications ya Sweden ikatoa JFFS, mfumo wa kuhifadhi data kwenye chipu za flashi ndani ya vifaa vidogo. Nao uliandika mbele tu, na ulipowashwa ulisoma chipu yote na kujenga faharasa kwenye kumbukumbu. Nilipolisoma hilo nilikaa nikacheka peke yangu.

Halafu mwaka 2010 zikaja mashine za EFD, zile za kutolea risiti za kodi. Nilikuwa tayari mtu mzima nikitengeneza vifaa vya ofisi mitaa ya Kariakoo, na nilizisoma kanuni zake kwa udadisi wa fundi. Ndani ya mashine ya namna hii kuna kumbukumbu ya kodi iliyofungwa isifunguliwe. Kila siku ya biashara ripoti ya Z, yaani jumla ya mauzo ya siku, huandikwa humo, na ikishaandikwa haifutiki. Risiti uliyokosea huifuti. Unaandika nyingine ya kuisahihisha. Italia ilianza kulazimisha mashine zenye kumbukumbu ya aina hiyo mwaka 1983, muda mrefu kabla yetu. Kwa hesabu za ubunifu, ni binamu wa DAFTARI.001: rekodi fupi za ukubwa mmoja, ukanda mmoja, mbele tu.

Ila mwenye daftari alikuwa mwingine. Kule Mtaa wa Uhuru kutofutika kulimlinda mwenye duka dhidi ya kusahau kwake, dhidi ya mwanawe, labda hata dhidi ya hasira zake. Kwenye EFD anayesoma ni mamlaka ya kodi, na mfanyabiashara ndiye anayetakiwa kuinunua mashine. Mwishoni mwa 2013 na mwanzoni mwa 2014 maduka ya Kariakoo yalifungwa kwa mgomo, na bei ya mashine ilikuwa miongoni mwa manung'uniko. Mei 2023 yakafungwa tena kwa mambo mapana zaidi ya kodi na ukaguzi, hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, akaja kukutana na wafanyabiashara Mnazi Mmoja. Niliwasikia watu wazima wakilaumu mashine kwamba haina kitufe cha kufuta, nikasikia sauti ya yule kijana wa dukani. Kama fundi nasema kitufe hicho hakitakiwi kuwepo. Ila nisingemtazama machoni muuza viatu wa Mtaa wa Congo nikamwambia kwamba jambo hilo ni la kiufundi tu.

Mzee wa Tepu amekwisha kufariki. Mwenzangu anaishi Muscat na tunaandikiana. Hajasamehe suala la faharasa. Alinitumia habari za JFFS2, mrithi wa ule mfumo wa Sweden: chipu zilipokuwa ndogo hakuna aliyelalamika, lakini zilipokua kubwa, vifaa vilichelewa kuwaka kwa sababu kila mara vilikuwa vikisoma kila kitu tangu mwanzo. Mwaka 2008 wahandisi wa Nokia na wa Chuo Kikuu cha Szeged wakaja na UBIFS, na hao wakaiweka faharasa kwenye chipu yenyewe. Kwake hiyo ni hukumu ya mahakama ya rufaa. Nilimjibu kwamba walikuwa na chipu za mamia ya megabaiti na programu ya maelfu ya mistari, na sisi tulikuwa na kilobaiti 360 na programu ambayo Mzee wa Tepu aliweza kuishika yote kichwani. Faharasa ikivunjika saa nne usiku, nani wa kuitengeneza?

Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, nyuma yake magari ya Muscat yanapiga honi. Aliniuliza kama namkumbuka karani jioni zile, na duka lilikuwa likimlipa kiasi gani kwa saa alizokaa akibadili diski. Nilifikiri muda mrefu kabla ya kumwandikia. Saa hizo hazikuwa kwenye mshahara wake.

"Basi," akasema katika ujumbe uliofuata, "hiyo ndiyo gharama ya faharasa niliyokuwa naitafuta."

Bado sijamjibu. Nina hoja ya ile risiti ya kaboni na mlio wa "pii", na nadhani ni hoja nzuri, lakini najua ataniuliza nani aliyekuwa akiishika hiyo risiti.